Fahamu Namna ya Kupaka Upya Rangi ya Tumbo la Chombo cha Matanga Bila Kuchafua Ufukwe

Na Mwandishi Wetu

Kila bamvua linapowadia, katika fukwe nyingi za mwambao wa Afrika Mashariki huonekana vyombo vya matanga vilivyokalishwa mchangani na kuegemezwa nguzo, huku mabaharia wakiosha, wakikwangua na kupaka upya sehemu ya chini ya chombo inayozama majini, ambayo katika makala haya itaitwa tumbo la chombo. Majahazi na mashua za wenyeji zimekuwa zikihudumiwa kwa namna hiyo kwa vizazi vingi. Siku hizi pamoja nazo huonekana pia boti za matanga za wasafiri wa kigeni, ambao huzunguka bahari za kitropiki kwa miezi au miaka na hulazimika kufanya matengenezo haya wakiwa safarini, mbali na bandari walizotoka.

Kazi hii haikwepeki, kwa kuwa chombo kisichohudumiwa tumbo hupunguza mwendo, hushindwa kutii usukani ipasavyo, hutumia mafuta mengi pale kinapoendeshwa kwa injini na, kikiwa cha mbao, huweza kuliwa hadi kuzama. Hata hivyo, kipo jambo ambalo wamiliki wengi wa vyombo hawajalipa uzito unaostahili. Dawa iliyopakwa na mababu ilikuwa chokaa na mafuta ya wanyama. Rangi inayopakwa leo ina kemikali zilizotengenezwa mahsusi kuua viumbe vya baharini. Rangi imebadilika, lakini desturi ya kukwangua ufukweni na kuyaacha mabaki yachukuliwe na maji imebaki ileile. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika kwa usahihi, na kwa nini ni muhimu kuzingatia mabaki yanapokwenda.

Kwa nini viumbe hushika tumbo la chombo

Kitu chochote kinachozamishwa baharini hakikai kitupu kwa muda mrefu. Katika saa za mwanzo hufunikwa na utando mwembamba wa bakteria na chembechembe nyingine zisizoonekana kwa macho. Baada ya siku chache utando huo huwa utelezi unaohisiwa kwa mkono. Wiki zinazofuata huota majani ya bahari, na viumbe wenye magamba magumu, mfano wa chaza wadogo, hujibandika kwa gundi yao ya asili ambayo huwa ngumu kuitoa.

Katika nchi za baridi, kasi ya uzalianaji wa viumbe hawa hupungua wakati wa majira ya baridi, na boti nyingi hutolewa majini kwa miezi kadhaa. Katika bahari za kitropiki hakuna mapumziko hayo. Maji ya mwambao wa Afrika Mashariki huwa na joto la takriban nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa mwaka mzima, na mabuu ya viumbe hao hutafuta mahali pa kujishikiza kila mwezi. Ndiyo maana rangi inayoweza kudumu misimu miwili au mitatu katika maji baridi huweza kuchoka mapema zaidi katika ukanda huu, hasa kwa chombo kinachotia nanga muda mrefu mahali pamoja bila kusafiri.

Hasara yake si ndogo. Utafiti uliotolewa chini ya mradi wa GloFouling wa Shirika la Bahari Duniani (IMO) ulionesha kuwa utelezi wenye unene wa nusu milimita tu, ukifunika nusu ya tumbo la meli, huweza kuongeza utoaji wa hewa ukaa kwa asilimia 25 hadi 30, kwa sababu injini hulazimika kufanya kazi zaidi ili kudumisha mwendo uleule. Kwa chombo cha matanga, uzito huo hulipwa kwa muda: safari ya siku moja huwa ya siku na nusu, na nahodha hukosa kasi ya kukwepa hali mbaya ya hewa au mkondo wenye nguvu.

Kwa vyombo vya mbao kuna adui wa ziada. Yupo kiumbe wa jamii ya kombe, mwenye umbo la mnyoo, ambaye hutoboa mbao kutoka nje akiwa mdogo sana na kuendelea kukua ndani yake. Kwa nje huonekana tundu dogo tu, wakati ndani ubao umekwisha kuwa kama sega la nyuki.

Kutoka deheni hadi rangi ya sumu

Mabaharia wa mwambao walikabiliana na maadui hawa kwa maarifa yao wenyewe. Mbao za juu zilipakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ili zisipasuke kwa jua. Maungio yalijazwa kalafati ya pamba na mafuta. Tumbo lilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, ambao huyapa majahazi rangi nyeupe chini ya mstari wa maji. Kabla ya kupaka, chombo kilipwelezwa, maana yake kilikalishwa mahali ambapo maji yakitoka kingebaki pakavu, kisha tumbo likapitishiwa moto wa makuti ili kuwaua wadudu walioanza kutoboa mbao.

Deheni haidumu muda mrefu na hulazimu kazi kurudiwa mara kwa mara. Hata hivyo, inapokwanguliwa, kinachobaki mchangani ni chokaa na mafuta, vitu ambavyo havina sumu ya kudumu. Hivyo basi desturi ya kukwangua na kuchoma ufukweni haikuwa na madhara makubwa katika enzi hizo.

Rangi za kisasa hufanya kazi kwa njia tofauti. Nyingi hubeba oksidi ya shaba, ambayo hutoka kidogo kidogo na kuufanya uso wa chombo kuwa mahali pasipokalika kwa mabuu. Baadhi huongezewa dawa za kuzuia ukuaji wa majani ya bahari. Kwa ujumla zipo za aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni rangi ngumu, ambayo dawa hutoka ndani yake huku gamba la rangi likibaki. Hustahimili kusuguliwa, lakini baada ya miaka kadhaa matabaka hurundikana na kuhitaji kukwanguliwa yote. Aina ya pili ni rangi inayolika yenyewe, ambayo humomonyoka taratibu chombo kinaposafiri na kufichua tabaka jipya lenye dawa. Aina hii huwafaa zaidi wasafiri wa mara kwa mara, kwa kuwa hairundiki, lakini haifai kusuguliwa kwa brashi ngumu chombo kikiwa majini. Kufanya hivyo hupoteza rangi na kumwaga dawa baharini.

Kemikali zilizopigwa marufuku

Dunia imekwisha kujifunza kwa gharama kubwa kwamba sumu iliyopakwa kwenye chombo haibaki kwenye chombo. Kuanzia miaka ya 1960, rangi zenye kemikali ya tributiltini, ijulikanayo kwa kifupi cha TBT, zilisifika kwa uwezo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, wafugaji wa chaza katika Ghuba ya Arcachon, kusini-magharibi mwa Ufaransa, walishuhudia chaza wao wakishindwa kuzaliana na magamba yao yakiharibika umbo. Chanzo kilibainika kuwa rangi za boti zilizokuwa zikiegeshwa katika ghuba hiyo. Ufaransa ilizuia matumizi ya rangi hizo kwa boti ndogo mwaka 1982, na Uingereza ikafuata mwaka 1987. Tafiti nyingine zilionesha kuwa kiasi kidogo sana cha kemikali hiyo kilisababisha konokono jike wa baharini kuota viungo vya dume na kushindwa kuzaa.

Hatimaye, tarehe 5 Oktoba, 2001, ulipitishwa chini ya IMO Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Mifumo Hatarishi ya Kuzuia Viumbe Kushika Vyombo, ambao ulianza kutumika tarehe 17 Septemba, 2008. Mkataba huo ulipiga marufuku rangi zenye viambata vya aina ya TBT. Marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari, 2023 yaliongeza katika orodha hiyo kemikali nyingine, sibutrini, ambayo kwenye kopo huandikwa cybutryne na wakati mwingine hutambulika kwa jina la kibiashara la Irgarol. Kemikali hii huzuia mimea ya bahari kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Jambo hilo linaugusa mwambao huu moja kwa moja. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wengi wa zao hilo ni wanawake. Mashamba yao yamo katika maji mafupi ya ndani ya miamba, maeneo yaleyale yenye utulivu ambayo manahodha huyapenda kwa kutia nanga na kupweleza vyombo. Maji yakitoka, kinamama na watoto hupita hapo kutafuta pweza, chaza na kombe kwa ajili ya chakula na biashara. Unga wa rangi uliokwanguliwa asubuhi huzama katika mchanga huohuo.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza kwa mmiliki wa chombo ni kusoma maandishi ya kopo kabla ya kununua. Kopo lisilo na orodha ya viambata, au rangi iliyopimwa na kuuzwa kwenye chupa isiyo na lebo, halifai kununuliwa hata bei yake ikiwa ndogo.

Kuusoma wakati wa bahari

Tofauti na sehemu nyingi za dunia ambako msafiri hulazimika kulipia mashine ya kunyanyua boti, mwambao wa Afrika Mashariki una maji yanayojaa na kupwa kwa kiwango kikubwa. Katika Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufikia takriban mita 3 hadi 4, ilhali wakati wa maji mafu hupungua hadi mita 1 hivi. Bamvua hutokea siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50.

Katika ukanda huu, siku za bamvua maji hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa sana karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kwa mpangilio huo, chombo huingizwa ufukweni alfajiri, hubaki pakavu asubuhi na kuelea tena alasiri. Muda wa kufanya kazi chombo kikiwa pakavu ni takriban saa nne hadi sita, kutegemea mteremko wa ufukwe na kina cha chombo.

Mahali huchaguliwa siku moja au zaidi kabla, maji yakiwa yametoka, ili kuhakikisha kuwa mchanga ni mgumu na tambarare, na hakuna mwamba, nondo wala nanga iliyozikwa. Aidha, siku ya kuingia ina umuhimu wake. Chombo kinachopandishwa juu kabisa ya ufukwe siku ya kilele cha bamvua huweza kukwama hapo kwa wiki mbili hadi bamvua lijalo, kwa kuwa maji ya siku zinazofuata hayatafika kimo hicho. Ni salama kuingia siku mbili au tatu kabla ya kilele, ili kila maji yanayofuata yawe makubwa kuliko yaliyotangulia.

Namna chombo kinavyokaa hutegemea umbo lake. Jahazi na mashua husimamishwa kwa magadi, yaani nguzo zinazoegemezwa pande zote mbili. Boti zenye matumbo mawili hukaa vizuri mchangani zenyewe. Boti ya matanga yenye mkuku mrefu na mwembamba ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Hiyo huhitaji kuegemezwa na kufungwa kwenye ukuta au nguzo imara, na haifai kulazwa ubavu bila ushauri wa fundi. Mtu yeyote hapaswi kuingia chini ya chombo kabla hakijatulia kabisa.

Kuhusu majira, masika na vuli si wakati mzuri, kwa kuwa mvua huharibu rangi mbichi. Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, kina hewa kavu na joto la wastani, ingawa upepo wa kusi hulazimu kutafuta mahali palipokingwa. Januari na Februari, wakati wa kaskazi, nazo hufaa, mradi kazi ya kupaka isifanywe jua likiwa kali.

Hatua za kazi

Kazi huanza kwa kuosha tumbo kwa maji mengi na brashi au sifongo mara tu maji yanapoanza kushuka, kwa kuwa utelezi na majani hutoka kwa urahisi yakiwa bado mabichi. Viumbe wenye magamba huondolewa kwa kikwaruzo cha plastiki au cha mbao ili kuepuka kuumiza uso wa chombo. Chumvi huoshwa kwa maji baridi, kwani rangi haishiki vizuri juu ya chumvi.

Baada ya hapo hufanyika ukaguzi. Katika chombo cha mbao huangaliwa kalafati, misumari na dalili za matundu ya wadudu. Katika boti ya faibaglasi hutafutwa malengelenge, ambayo ni dalili kuwa maji yameanza kupenya. Katika chombo cha chuma hutafutwa kutu. Usukani, rafadha, matundu ya kupitishia maji na vali zake hukaguliwa wakati huohuo, maana nafasi hiyo haipatikani mara kwa mara.

Rangi ya zamani inayobanduka huondolewa, na iliyoshika imara hulainishwa kwa msasa wa maji. Msasa mkavu haushauriwi, kwa sababu vumbi lake lina shaba na huingia katika mapafu. Vilevile ni mwiko kutumia moto wa makuti au wa gesi juu ya rangi ya kisasa, kwa sababu moshi wake una sumu. Moto ulifaa kwa deheni. Kwa rangi hizi ni hatari kwa fundi na kwa wote walio karibu. Ikiwa chombo ni cha zamani na rangi yake ya chini haijulikani, ni bora kutoikwangua bali kuifunika kwa tabaka la kuziba kabla ya kupaka rangi mpya. Mkataba wa kimataifa unaitambua njia hiyo ya kuziba rangi zilizopigwa marufuku.

Aina ya rangi sharti ilingane na chombo. Boti ya alumini haipaswi kupakwa rangi yenye oksidi ya shaba, kwa kuwa shaba na alumini zikikutana katika maji ya chumvi, alumini huliwa. Chombo cha chuma huhitaji kwanza praima ya kuzuia kutu. Chombo cha mbao kisiachwe juani siku nyingi, kwani mbao zikikauka maungio hufunguka. Vipande vya zinki vinavyofungwa kulinda sehemu za chuma visipakwe rangi, kwa kuwa vikifunikwa havifanyi kazi.

Kabla ya kupaka, kopo hukorogwa hadi chini kwa muda wa kutosha. Shaba ni nzito na huzama. Fundi asiyekoroga hupaka juu ya chombo rangi isiyo na dawa na kubakiza dawa yote katika kopo. Uso wa chombo uwe mkavu na usiwe na umande. Katika jua la mchana rangi hukauka kabla haijashika, hivyo asubuhi au jioni ndizo nyakati zinazofaa, na upande wa kivuli hutangulia. Mikono miwili ya rangi hutosha kwa kawaida, na mkono wa tatu huongezwa kwenye mstari wa maji, omo, ukingo wa mkuku na usukani, ambako rangi huliwa haraka.

Kwa makadirio ya kiasi, urefu wa chombo kwenye mstari wa maji huzidishwa kwa jumla ya upana na kina chake, kisha jibu huzidishwa kwa 0.75 kwa boti ya umbo la wastani. Boti yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 3.5 na kina cha mita 1.8 ina tumbo la takriban mita za mraba 40. Lita moja ya rangi ikifunika mita za mraba 10, mikono miwili itahitaji lita 8, na lita moja ya ziada kwa sehemu zinazoliwa haraka. Hesabu hii huzuia ununuzi wa rangi nyingi ambayo baadaye humwagwa.

Kazi gani ifanyike ufukweni

Kutokana na maelezo hayo, ni wazi kuwa saa nne hadi sita hazitoshi kwa kazi yote. Rangi nyingi huhitaji saa kadhaa kati ya mkono mmoja na mwingine, na muda zaidi kabla ya kuguswa na maji. Anayejaribu kukwangua, kulainisha na kupaka katika maji kupwa mamoja huishia kupaka rangi juu ya uso wenye unyevu, na rangi hiyo hubanduka mapema. Usalama wa ufukwe na ubora wa kazi hapa havipingani, kwani vyote viwili vinadai kazi igawanywe.

Kazi ndogo, yaani kuosha utelezi kwa sifongo, kukagua, kubadilisha zinki na kugusa sehemu chache zilizobanduka, zinaweza kufanyika ufukweni kwa tahadhari. Kukwangua matabaka ya zamani na kupaka upya tumbo lote kunapaswa kufanyika katika chelezo au karakana, ambako mabaki huweza kukusanywa na chombo kikapewa siku za kukauka. Mashua ndogo inaweza kuviringishwa juu ya magogo hadi juu ya alama ya maji kujaa, ikahudumiwa hapo juu ya turubai.

Popote kazi inapofanyika, turubai lenye kingo zilizoinuliwa hutandikwa chini ya chombo, mabaki hukusanywa kabla maji hayajarudi na kuwekwa katika chombo chenye kifuniko. Makopo, brashi, thina na nguo zilizoloa rangi visizikwe mchangani wala kuchomwa moto. Fundi avae glovu, miwani ya kinga, barakoa inayochuja vumbi na nguo zinazofunika mwili, na asile wala kuvuta sigara kabla ya kunawa. Watoto wasiruhusiwe kucheza chini ya chombo, na makopo matupu ya rangi yasitumiwe kutekea maji wala kuhifadhia chakula.

Kwa wavuvi wanaoendelea kutumia deheni katika vyombo vya mbao, hakuna sababu ya kuiacha kwa kudhani kuwa imepitwa na wakati. Kwa mashua inayotolewa majini mara kwa mara, deheni bado ni kinga yenye gharama nafuu na isiyodhuru mwani wala samaki.

Wageni wasioonekana

Suala jingine linalohusu hasa boti zinazotoka mbali ni viumbe wageni. Mwaka 1999, katika mji wa Darwin, kaskazini mwa Australia, aina ya kome wenye asili ya maji ya kitropiki ya Amerika iligunduliwa katika maegesho matatu ya boti. Kome hao waliaminika kuletwa na boti ya matanga. Mamlaka zilifunga maegesho hayo na kumwaga kemikali zilizoua karibu kila kiumbe kilichokuwamo ili kuwamaliza kome hao kabla hawajaenea. Walifaulu, lakini kwa gharama kubwa.

IMO ilitoa miongozo ya udhibiti wa viumbe wanaosafiri kwenye matumbo ya meli mwaka 2011 na kuihuisha mwaka 2023, na mwaka 2012 ilitoa mwongozo maalumu kwa boti za burudani zenye urefu usiofikia mita 24. Ushauri wake ni rahisi: chombo kisafishwe kabla ya kuondoka bandari kimotokaa muda mrefu, si baada ya kufika nchi ya watu. Nchi kama New Zealand tangu Mei 2018 huzitaka boti zinazowasili ziwe na matumbo safi.

Taasisi zinazohusika

Upande wa Tanzania Bara, usalama wa vyombo vya majini unasimamiwa na Shirika la Wakala wa Meli Tanzania (TASAC), na Zanzibar unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini (ZMA). Masuala ya taka hatarishi na uchafuzi yanaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na kwa Zanzibar Sheria ya mwaka 2015 chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA). Usalama wa mafundi kazini kwa upande wa Bara uko chini ya OSHA.

Ndani ya hifadhi za bahari, zikiwamo ya Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995, ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na ya Silikanti Tanga, nahodha anapaswa kupata maelekezo ya wahifadhi kabla ya kupweleza au kusafisha chombo. Kwa upande wa nyaraka, mkataba wa kimataifa unazitaka meli za tani 400 na zaidi zinazosafiri nje ya nchi kuwa na cheti cha rangi, na zile zenye urefu wa mita 24 na zaidi zisizofikia tani hizo kuwa na tamko lililosainiwa na mmiliki. Boti ndogo hazidaiwi nyaraka hizo, lakini marufuku ya kemikali inazihusu nazo. Ni busara kwa nahodha kutunza risiti ya rangi na kumbukumbu ya tarehe na mahali ilipopakwa.

Vikundi vya usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi (BMU) pamoja na kamati za wavuvi za shehia vina nafasi kubwa katika suala hili. Vinaweza kukubaliana juu ya sehemu moja ya kuhudumia vyombo katika kila kijiji, iliyo mbali na mashamba ya mwani na maeneo ya kuokotea pweza na chaza, yenye turubai na pipa la mabaki vinavyotumiwa na wote. Mmiliki wa chombo anayepanga kupaka rangi katika bamvua lijalo anashauriwa kuwasiliana kwanza na viongozi wa eneo lake, kusoma lebo ya kopo lake, na kuandaa turubai kabla hajaandaa brashi.